Kipande cha Tisa

Bwana Clement Rusbridge alikutwa chali mbele ya meko ya chumba chake cha kusomea, kisogo kimelalia pembe ya ukingo wa chuma, mkono wa kulia umenyooka kama wa mtu anayeomba kurudishiwa kitu chake. Moto ulikuwa umezimika zamani. Kioo cha mlango wa bustanini kilikuwa kimevunjwa, mvua ya Novemba imeingia na kulowesha pazia, na droo zote zilikuwa zimetolewa na kumwagwa sakafuni.

Inspekta Enoch Tranter alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye uso wa aliyekwisha kusikia habari mbaya na sasa anangojea nyingine.

"Wizi, afande," alisema Sajini Bebb. "Kavunja kioo, kaingia, mzee kamkuta, kasukumwa. Vinara viwili vya fedha havipo. Bi Pugh anayemfanyia kazi za ndani ndiye aliyemkuta, saa mbili asubuhi."

"Na barua?"

"Barua gani?"

Katika mji mdogo wa Ludbrook hakuna asiyejua habari za barua za Bwana Rusbridge. Mwalimu huyu mstaafu alikuwa ametumia miaka arobaini, na kila alichorithi kwa mama yake, kukusanya kila karatasi iliyopata kuguswa na kalamu ya Tobias Wyndle, mshairi aliyezaliwa mjini hapo na kufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka ishirini na saba, yapata karne na robo iliyopita. Orodha ya nguo za kufuliwa, mwaliko wa chai, beti zilizokatwakatwa, vyote alikuwa navyo. Watu walimcheka, lakini walimcheka kwa heshima, maana Wyndle ndiye pekee aliyewaletea wageni.

Inspekta aliingia kwa hatua za paka. Akatazama sakafu kwanza. Vitabu vimetupwa, kalamu zimetawanyika, kiti kimepinduliwa. Lakini majalada yenye barua yalikuwa yamepangwa vizuri kwenye rafu ya mbali kabisa na dirisha, hata moja halina tone la maji.

"Majalada haya hukaa wapi siku zote?" aliuliza.

Bi Pugh aliitwa kutoka jikoni. Alikuwa mwanamke mnene, macho mekundu kwa kulia, aproni bado kiunoni.

"Hapo, baba, kwenye meza ya dirishani. Miaka kumi na sita nafuta vumbi chumba hiki, hayajapata kuwekwa kwingine."

"Kwa hiyo mwizi alivunja kioo, kisha akayahamisha yasilowe."

"Labda alitaka kuyaiba, afande," alisema Bebb.

"Akayapanga kwa tarehe?"

Bebb alisogea kuyatazama majalada.

Tranter aliendelea kutazama. Zulia karibu na meko lilikuwa limelowa, ingawa mvua haikuweza kufika pale. Jagi la maua lilikuwa juu ya rafu ya meko, tupu, na maua yake yamewekwa kando kama vitunguu sokoni. Kwenye meza ndogo ya pembeni palikuwa na kamusi nne nzito, moja juu ya nyingine. Chumba kizima kimevurugwa, kamusi hizo tu zimesimama wima.

Aliziondoa moja moja. Chini yake palikuwa na karatasi nene za kukaushia wino, na katikati ya karatasi hizo vipande tisa vya barua ya kale, kila kimoja upana wa vidole vitatu, vimelazwa kwa mpangilio. Vilikuwa na unyevunyevu bado. Ukingo wa kipande cha mwisho ulikuwa umeungua.

"Mungu wangu," alisema Bi Pugh. "Vimekuwa tisa! Mzee wa watu siku zote alikuwa na vinane."

Katika kapu la taka Inspekta alikuta karatasi nyingine sita za kukaushia, zimelowa na kukauka. Kila moja ilikuwa imekunjwa pembe ya juu, upande wa kulia. Kwenye moja palikuwa na tone la damu, dogo kama dengu.

Akaitia ndani ya bahasha, polepole sana.

*

"Kaa chini, Bi Pugh. Hukumwona tangu lini?"

"Jana Jumanne, saa kumi. Jumanne huondoka mapema, kwa dada yangu."

"Alikuwaje?"

"Mbaya. Wiki nzima hali chakula. Nilimpikia kipande cha kondoo, nyama ya mgawo wetu wa wiki nzima hiyo, Inspekta, akampa paka. Nilimwambia, Bwana Rusbridge, vita vimekwisha miaka sita na bado tunapimiwa nyama kama dawa, wewe unampa paka! Akanitazama tu."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Bi Pugh, miaka arobaini nimekuwa nikisoma barua isiyo yangu.' Nikamwambia si umezinunua? Akaanza kulia. Mzee mzima!"

"Hicho kipande cha tisa alikipata wapi?"

"Kwenye albamu ya zamani, ililetwa na posta wiki iliyopita. Ya mke wa kasisi mmoja wa huko Devon, alikufa zamani. Kilikuwa kimegandishwa nyuma ya picha ya ua. Bwana alipokibandua alipiga kelele ya furaha, nikadhani kaanguka ngazi. Kisha akakisoma. Tangu hapo ndiyo hivyo, hali wala hasemi."

"Nani mwingine alijua?"

"Ningejua mimi? Mimi ni wa masufuria."

*

Kabla ya saa sita mchana Sajini Bebb alirudi na uso unaong'aa. Alikuwa amemkamata Reg Maddox, kibarua wa bustani, aliyepata kufungwa miaka miwili kwa kuiba mabomba ya madini ya risasi. Vinara viwili vya fedha vilikutwa chini ya kitanda chake.

Maddox aliketi chumba cha mahojiano akikohoa mpaka meza ikatikisika.

"Niliviokota, bwana. Kwenye mtaro wa makaburini. Leo alfajiri."

"Ukavipeleka polisi?" aliuliza Bebb.

"Mimi? Nije hapa na fedha ya watu mkononi? Mngenipa chai na mkate, siyo?"

"Jana jioni mpaka usiku ulikuwa wapi?"

"Kitandani, na kikohozi."

"Nani alikuona?"

"Kikohozi chenyewe."

Bebb alicheka kidogo. Maddox hakucheka. Alimgeukia Inspekta, na macho yake yalikuwa ya mnyama aliyekwisha kunaswa mguu.

"Watanitia kitanzi, bwana. Mimi najua. Mtu aliyefungwa mara moja haaminiwi mara ya pili. Mama yangu yu hai bado, ana miaka themanini na moja. Nani atamwambia?"

Nje, Mrakibu wa Polisi alikuwa anangoja ukumbini, saa mkononi. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Tranter, fedha chini ya kitanda, mtu mwenye kumbukumbu ya jela, hana shahidi. Unataka nini tena, picha?"

"Nataka kujua nani alikausha barua."

"Barua?"

"Mwizi haanui nguo za mwenye nyumba mvua ikinyesha, bwana. Huyu alianua."

"Ijumaa asubuhi namfungulia mashtaka ya mauaji. Una leo na kesho."

Ripoti ya daktari ilifika saa kumi jioni. Fuvu limepasuka kwa kuanguka juu ya chuma, hakuna silaha, na kifuani palikuwa na michubuko miwili midogo, ya viganja vilivyosukuma kwa nguvu. Alianguka karibu na saa kumi na mbili jioni. Tranter alisoma aya ya mwisho mara mbili, kisha akampigia simu daktari.

"Unasema hakufa papo hapo?"

"Hapana. Damu ilivujia ndani ya fuvu polepole. Aliishi kama saa moja, pengine kidogo zaidi. Hospitali iko maili mbili, Enoch. Angeletwa upesi, ningekuwa na la kufanya. Sisemi angepona. Nasema ningekuwa na la kufanya."

"Na tone la damu kwenye karatasi?"

"La kundi lake."

Tranter aliweka simu chini. Tone lile lilikuwa limemwambia jambo ambalo hakutaka kulijua. Mtu aliyebadilisha karatasi za kukaushia alizibadilisha baada ya mzee kuumia. Alikaa chumbani, majeruhi miguuni pake, akishughulika na unyevu.

Bebb aliingia na chai. "Labda mzee mwenyewe alilowesha barua zake, akazikausha, ndipo Maddox akaingia."

"Na damu?"

Bebb alijikuna shingo. Hakuwa mjinga, ila alipenda mambo yaishe kabla ya chakula cha jioni. "Basi sijui, afande."

"Sikiliza. Aliyefanya hivi aliweza kumwacha mtu afe, lakini hakuweza kuiacha karatasi iharibike. Maddox hata kusoma hajui vizuri. Tafuta mtu anayependa karatasi kuliko watu."

"Katika mji huu? Huyo alikuwa Rusbridge mwenyewe."

"Alikuwa na mwenzake," alisema Tranter.

Aliufunga mlango, akanawa mikono, akavipanga vile vipande mezani. Vinane vya kwanza alivijua kwa kusikia, kama kila mtoto wa Ludbrook. Ni barua ya mwisho ya Wyndle kwa dada yake Hester: homa, soksi za sufu, salamu kwa majirani, na huzuni kwa rafiki yake Lambert Rook aliyezama mtoni, ambaye Wyndle alimwandikia maombolezo yaliyompa jina. Shuleni waliambiwa kuwa Wyndle alifika mtoni akikimbia, akakuta amechelewa, na moyo wake haukupona. Waliambiwa pia kuwa Hester, kwa mapenzi, aliikata barua hiyo na kuwagawia wageni waliokuja kuomba angalau mstari mmoja wa mkono wa kaka yake.

Kipande cha tisa kilikuwa na mistari sita. Wino wake ulikuwa mweusi vilevile, haukuogopa maji.

"Hester, sikuchelewa. Nilikuwa ukingoni tangu mwanzo. Aliniita kwa jina mara mbili. Kuogelea najua, wewe ndiye uliyenifundisha. Nilisimama. Sijui kwa nini, nilisimama tu mpaka kukawa kimya. Ukimaliza kusoma, ichome, na usimwambie mtu. Nduguyo, Tobias."

Sasa alielewa kwa nini Hester alikata. Hakuweza kuuchoma mkono wa kaka yake, wala hakuweza kuuacha useme. Alivigawa vinane visivyo na neno, cha tisa akakificha kwa rafiki wa mbali. Na mzee Rusbridge, kwa mapenzi yake yote, alikuwa ametumia umri wake kukusanya kile ambacho maskini wa Mungu aliomba kiteketezwe.

*

Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa haijakatika. Tranter alitembea mpaka nyumba ya Wyndle, ambayo sasa ni makumbusho madogo ya vyumba vitatu, vipande vya barua vikiwa ndani ya mfuko wa karatasi chini ya koti lake. Mlinzi wa makumbusho hayo alikuwa Bi Winifred Sollars, mwenye miaka hamsini na minane, mwembamba, hajaolewa, sauti yake laini kama ya mtu anayezungumza kanisani. Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyewaonyesha wageni kitanda alichofia mshairi. Ndiye pia aliyekwenda kwa Bwana Rusbridge kila wiki, wakanywa chai jikoni, kisha wakanawa na kusoma pamoja.

Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimefungwa plasta.

"Birika," alisema, alipoona anatazama. "Karibu, Inspekta. Maskini Clement. Nasikia mmemkamata yule Maddox."

"Kesho anafunguliwa mashtaka."

"Ya kuua?"

"Ya kuua. Ni kitanzi, Bi Sollars."

Akamimina chai. Alimimina mpaka kikombe kikafurika kisahanini, asione.

"Nimekuja kuomba utaalamu wako," alisema Tranter. "Tulivikuta hivi chumbani mwake. Unautambua mwandiko?"

Akautoa mfuko. Mvua ilikuwa imeupata njiani, upande mmoja umelowa na kulainika. Aliuweka mezani karibu na kikombe chake.

Bi Sollars aliinuka kama aliyechomwa sindano.

"Kikombe! Ondoa kikombe, Inspekta! Umevibeba hivi? Katika mvua? Ndani ya mfuko wa dukani?"

"Nilidhani koti litatosha."

"Ulidhani! Vikishikana umeviua."

Alikwisha fungua droo. Alitoa karatasi mpya za kukaushia, akavilaza vipande kimoja kimoja kwa ncha za vidole, akafunika, akakandamiza kwa kiganja, akahesabu kimoyomoyo huku midomo ikicheza. Kisha akaiondoa karatasi iliyokwisha kunywa maji, akaikunja pembe ya juu, upande wa kulia, akaiweka kando. Akachukua nyingine. Akaikunja nayo. Alikuwa amesahau kuwa kuna mtu chumbani.

Tranter aliuliza kwa upole, "Mbona unakunja pembe?"

"Ili nisije nikairudisha juu ya barua kwa kukosea. Iliyokwisha kunyonya hurudisha uchafu."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Mazoea yangu tu."

"Bwana Rusbridge naye alikuwa akikunja?"

"Clement?" Alitabasamu kidogo, bila kuinua macho. "Yeye alikuwa akizitupa ovyo. Nilimsema mpaka nikachoka."

Inspekta aliingiza mkono mfukoni, akatoa zile karatasi sita. Alizipanga mezani, pembe zilizokunjwa zikielekea upande mmoja. Ile yenye tone la damu aliiweka mwisho.

Saa ya ukutani iligonga robo. Bi Sollars alitazama karatasi zile, kisha zile zake mpya, kisha mikono yake mwenyewe, kana kwamba imemsengenya.

"Naomba nimalize hiki kimoja," alisema. "Bado kibichi."

"Malizia."

Alimalizia. Kisha akavaa koti lake.

*

Kituoni alikataa wakili. Alikaa kiti kilekile alichokalia Maddox, mikono mapajani. Sajini Bebb aliandika maelezo.

"Alikuita Jumanne?" aliuliza Tranter.

"Aliniandikia kijikaratasi. 'Winifred, njoo saa kumi na moja na nusu. Kimepatikana.' Nilikwenda mbio kama msichana. Miaka yote ile, Inspekta! Ningekwenda kwa magoti."

"Ukakisoma."

"Nilikisoma mara tatu. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu, analia. Akasema, 'Unaona tulichofanya? Aliomba.' Nikamwambia aliyeomba amekufa, aliyeombwa amekufa. Akasema ombi halijafa. Akavikusanya vyote tisa. Nikauliza, mbona vyote? Akasema, 'Wakiona vinane watatafuta cha tisa, kama nilivyotafuta mimi.' Akapiga magoti mbele ya meko."

"Akavitia motoni."

"Cha tisa kilikuwa cha kwanza. Niliona ukingo unajikunja, unakuwa mwekundu." Sauti yake ilishuka. "Wewe umeyasoma yale maombolezo, shuleni. Mazuri, siyo? Kila mtu hulia. Nimeyasema kwa wageni kila siku ya Mungu. Na yote ni uongo wa mtu aliyejificha nyuma ya maneno matamu. Mistari ile sita ndiyo pekee aliyoandika akiwa uchi. Na Clement anaichoma! Nilimvuta begani, akainuka, akanizuia. Nikamsukuma. Kwa mikono miwili. Sikusukuma ili afe."

"Akaanguka."

"Nilisikia mlio. Lakini kilikuwa kinaungua. Nilikichomoa kwa mkono, nikachukua jagi la maua nikakimwagia. Nilimwaga maji mengi mno, vikalowa na vile vinane vilivyomtoka mkononi. Karatasi ya kale ikilowa, una dakika chache tu, vinashikana, wino unahamia kipande kingine. Nilijua karatasi za kukaushia ziko droo ya pili."

"Na Bwana Rusbridge?"

Alinyoosha sketi magotini.

"Bi Sollars. Daktari anasema aliishi saa moja."

"Nilimwinua kichwa," alisema. "Mara moja. Kulikuwa na damu kidogo, si nyingi. Alikuwa anapumua. Nikasema, ngoja nibadilishe karatasi hizi, kisha nitapiga simu. Nikabadilisha. Alikuwa anakoroma, kama mtu aliyelala. Nikasema, mara moja tu tena. Ya pili ndiyo muhimu, ya pili ndiyo inayotoa maji ya ndani. Nikabadilisha ya pili. Nilipokuwa katika ya tatu, kukawa kimya."

Kalamu ya Bebb ilisimama. Inspekta alimwashiria aendelee.

"Ndipo ukavunja kioo."

"Ndipo nikaogopa. Nilimwaga droo, nikachukua vinara, nikavitupa mtaroni. Majalada nikayahamisha kwanza, kwa sababu mvua ingeingia."

"Cha tisa hukukichukua. Ungekichukua, nisingejua sababu mpaka leo."

Alimtazama kwa mshangao, kama ameulizwa swali la kitoto. "Vilikuwa vimekaa mbali miaka mia na zaidi. Ningevitenganisha vipi tena?"

"Na Maddox? Kesho angefunguliwa mashtaka. Krismasi ikipita angekuwa mbele ya jaji. Ungesema?"

"Ningesema kabla hawajamnyonga." Alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulimchukua muda. "Nadhani ningesema. Jumatano nilivaa koti nije. Nilifika mlangoni. Nilisimama pale muda mrefu, mkono kwenye kitasa, kisha nikalivua."

Tranter alimtuma konstebo akafungue mahabusu. Wote watatu walisikia funguo, kisha sauti ya Reg Maddox ikiuliza kwa woga kama kweli anaweza kwenda, kisha kikohozi chake kikipita dirishani na kupotelea mvuani. Bi Sollars alisikiliza mpaka kikaisha.

Inspekta alimsomea maelezo yake, akamgeuzia karatasi atie sahihi. Alitia. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, umenyooka.

"Una lolote la kuongeza?"

"Kuna jambo moja, ila sijui kama ni la kuandikwa." Alikuwa anaiangalia ile plasta vidoleni. "Nilipokisoma mara ya kwanza, kabla ya yote, Clement yuko nyuma yangu analia, mimi sikulia. Nilimchukia Tobias. Nilisema moyoni, mwoga wewe, rafiki yako anakuita kwa jina na wewe umesimama. Mimi ningejitupa majini."

Bebb aligeuza ukurasa.

"Simu ilikuwa hatua tatu," alisema Bi Sollars. "Clement hakuniita kwa jina. Nimekuwa nikijiambia hivyo siku mbili, kwamba hakuniita. Lakini aliniita, Inspekta. Mara moja. Andika hilo."

Sajini Bebb aliandika.